H Maana Yake Hapa

Chekeni kwanza mmalize ndipo nisimulie, maana mimi nikiikumbuka siku ile hadi leo kichwa kinaingia mabegani kama cha kobe.

Tuliambiwa Rais akitoka Mbeya kwenda Iringa kwa helikopta atatua kwetu huku juu ya Uyole, dakika kumi tu, na mimi, mzee niliyeishia darasa la pili (la tatu niliingia wiki moja, mwalimu akanirudisha nikachunge), nikachaguliwa kumwambia maneno saba: Mheshimiwa, zahanati yetu ina kuta, haina paa. Jamani, mjukuu wangu kazaliwa juu ya magunia ya viazi, ndani ya lori, kabla mama yake hajafikishwa hospitali! Maneno yale nikawa nalala nayo, naamka nayo.

Siku moja kabla, helikopta yenyewe ilikuwa ije kujaribu uwanja. Wakiridhika Rais anatua, wasiporidhika anapita. Mama mtendaji wa kijiji akanipa mfuko wa chokaa nichore H kubwa katikati ya uwanja wa mpira, kwa kuwa matuta yangu ya viazi yamenyooka kuliko ya wote (hilo hata adui zangu wanakubali).

"H ndiyo nini, mwanangu?" nikamwuliza.

Alikuwa na haraka, simu sikioni. "Maana yake hapa, mzee. Atue hapa."

Loo, kumbe kusoma ni rahisi hivi! Chokaa ikabaki kidogo, na nilikuwa nimeagiza samadi kwa shemeji yangu Ambakisye mwenye trekta, basi nikachora ka-H kadogo shambani kwangu, nyuma ya goli, nikampigia: "Shemeji, ukifika mwaga kwenye H. H ni hapa." Nikaenda zangu kuoga na kupiga pasi koti.

Narudi, watu wamejaa, kwaya imejipanga, na juu ya H ya Rais kuna kilima. Samadi kavu ya kiangazi, trela zima! Hakuna aliyeuliza, walidhani ni maandalizi ya wakubwa.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Si umesema H? Niache kubwa kama nyumba nikatafute ndogo?"

Hata koleo sijashika, helikopta hiyo, nyeupe, ikashuka na upepo ambao sijauona toka nizaliwe, samadi yote ikaamka, na kwaya ndiyo walikuwa kwenye "Karibuuu", midomo wazi. Ikapanda tena, ikaenda. Bwana mmoja mwenye redio ya kuongea na rubani, ndiyo kwanza anashuka kwenye gari, akatema, akafuta macho, akasema, "Hapa hapafai."

"Nani kamwaga hii?" mama mtendaji akauliza, nyusi zimejaa vumbi.

Nakiri mbele yenu, nilijifanya napangusa koti. Ambakisye ndiye aliyesema: "Mwulizeni mzee. Yeye ndiye anayejua kusoma."

Kesho yake Rais akapita juu, kuelekea Iringa. Nilisimama shambani nimevua kofia, nikayasema maneno yangu yote saba kwa sauti, lakini nani asikie kwa ngurumo ile?

Siku hizi naamkiwa, "Shikamoo, Mzee Hapa," naitikia, nifanyeje. Paa bado, na mkwe wangu ana mimba nyingine. Herufi nimewaachia wenyewe: nikitaka kitu kimwagwe mahali, nasimama palepale kwa miguu yangu, mpaka trela lifike.