Senene Niliowaokota Mwenyewe

Nyumbani kwetu Bakoba neno anime halikuwa na heshima yoyote. Mama aliziita katuni. Kaka yangu aliziita michoro ya watoto. Bibi, kila alipopita sebuleni na kuwaona wale wasichana wenye macho makubwa kama visosi, aliuliza kama huko kwao Japani kuna ugonjwa wa macho na kama serikali yao inajua. Nilikuwa kidato cha pili na nilishachoka kueleza. Nilimwambia mama kwamba ndani ya hizo katuni watu wanasalitiana, wanazika ndugu zao, wanalia mpaka mtu unakosa usingizi, naye akaniuliza kama hayo ndiyo ninayoyatafuta. Hasira zangu zilikuwa karibu enzi hizo, na hata sasa hazijahamia mbali.

Kwa hiyo siku nilipomsikia mvulana wa dawati la nyuma akipiga mluzi wimbo wa mwanzo wa tamthilia niliyokuwa nikiitazama, niligeuka kwa nguvu mpaka ushungi ukaniteleza begani. Nilimuuliza amefika wapi. Akasema sehemu ya kumi na moja. Nikamwambia hajaona kitu bado. Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yetu ya kwanza, baada ya kukaa darasa moja karibu mwaka mzima.

Kwao ni Muleba, kwenye migomba na kahawa, lakini alikuwa akikaa Kagondo, hapa mjini kwetu, kwa shangazi yake, muuguzi, ili asome shule yetu ya Kahororo. Shangazi alikuwa na laptopu ya zamani. Yeye mvulana alikuwa na flashi, na alifahamiana na kaka wa kibanda cha kuburn muvi aliyekuwa akimwekea sehemu mpya bila kumzungusha. Kilichompungukia ni Kiingereza. Maandishi ya chini ya picha yalimpita kabla hajamaliza mstari, akawa anacheka wakati watu kwenye skrini wameshaanza kulia. Mimi nilikuwa nasoma haraka. Ndivyo nilivyopata kazi ya kumtafsiria kila Jumamosi mchana, kwenye kochi la shangazi, mlango ukiwa wazi.

Mlango kuwa wazi ilikuwa amri. Shangazi mwenyewe alikaa kizingitini akimenya ndizi, mgongo kwetu na masikio ndani. Nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba naenda kujisomea, jambo ambalo halikuwa uongo kamili, maana nilisoma kwelikweli. Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Nilifanya sauti ya jemadari, ya mchawi, ya mama mgonjwa. Yeye alikaa mwisho wa kochi amekumbatia magoti, akitazama skrini, na mimi nilijifunza kusoma kwa jicho moja huku jingine likimtazama yeye. Nilimpenda. Sina namna nyingine ya kulisema, na wakati ule nilikuwa nalisema kimoyomoyo tangu naamka mpaka nalala.

Jumamosi moja tulifika kwenye ile sehemu ambayo wapenzi wote wa anime wanaijua, kwa kuwa iko katika nusu ya tamthilia zote. Msichana amemwita mvulana juu ya paa la shule. Ametengeneza chokoleti kwa mikono yake, ameifunga kwa utepe. Anainama, anainyoosha mbele yake. Maandishi yakatokea chini. Ilikuwa zamu yangu kuyasema.

"Nakupenda," nikasema. "Nimekupenda muda mrefu, nikashindwa kukwambia."

Nje kisu cha shangazi kilikoma. Damu ilinipanda masikioni na nilishukuru Mungu kwa ushungi. Mvulana hakugeuka.

"Kisha?" akasema. "Endelea, anajibuje?"

Niliendelea. Yule mvulana wa kwenye skrini alijibu vizuri, akapokea, maua yakapeperuka kila mahali kwa gharama ya mtu mwingine. Kisu kikarudi kwenye ndizi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na mvulana wa kwenye kochi, na shangazi, na nchi nzima ya Japani.

Wiki chache kabla ya mtihani wa taifa aliniambia, kama anayesema habari za mvua, kwamba shangazi amehamishwa kikazi, na kwamba mwakani yeye atarudi kusoma Muleba. Alikuwa akichomoa flashi wakati anasema. Akanikabidhi nikanakili sehemu zilizobaki, ili nisikae bila kitu. Nilitaka kumtupia usoni. Niliipokea nikasema asante.

Ilikuwa lazima ajue kabla hajaondoka. Hilo nililiamua bila kujua nitalifanyaje. Kumwandikia kwenye simu sikuweza, maana simu yangu kaka alikuwa akiichukua apendavyo. Kusimama juu ya paa pia haikuwezekana. Paa la shule yetu ni la bati na mlinzi ana filimbi. Na chokoleti ya dukani, hata ukiifunga utepe, ni chokoleti ya dukani.

Jibu lilitoka kwa bibi, naye hakujua kwamba anajibu. Senene, panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wameanza kuonekana na watu walishawasha mataa makubwa ya kuwategea. Bibi ni Mhaya aliyesilimu alipoolewa na babu, na babu alikuwa mtu wa pwani. Kila msimu wa senene bibi humkasirikia babu upya, ingawa marehemu amepumzika siku nyingi. Anasema zamani mwanamke wa Kihaya hakula senene. Aliamka na umande, akawaokota, akawatoa mabawa na miguu, akawapika, akampelekea mwanamume wake. Mwanamume akila, amepokea, na ni juu yake kumletea mwanamke nguo mpya. Babu yangu wa pwani akala, akafuta mdomo, akasifia chumvi. Hakuleta kitu. Majirani ndio waliomweleza, na alipoleta kanga ilikuwa ya kuchuja.

"Na kabla ya kuolewa?" nilimuuliza. "Msichana anaweza kumpelekea mtu?"

Bibi alinitazama kwa muda uliozidi kidogo. Akasema msichana asingethubutu, ila kama amekwisha kupoteza akili, na mvulana akila basi wote wawili wamepoteza. Halafu akarudi kwenye habari za kanga.

Mimi nikasikia neno moja tu, akila. Hii ilikuwa chokoleti yetu. Ilikuwa hapa muda wote, na nilikuwa nikiitafuta Japani.

Wa kununua hawakufaa, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Niliamka kabla ya mama kwa siku kadhaa, nikapita kwenye nyasi za karibu na uwanja wa Kahororo, viatu mkononi, nyasi zikiwa baridi mpaka magoti yanauma. Wa kijani ni rahisi kuwaona, wa kahawia wanakuponyoka. Miguu yao ya nyuma ina meno. Vidole vyangu vilichanika na nikaingia kwenye mtihani wa Hisabati nikishika kalamu kwa shida. Niliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu, mama akiwa kazini. Bibi alikaa mlangoni akanusa na hakusema neno, na kwa bibi hilo ni jambo la kutisha.

Siku ya mtihani wa mwisho nilimsubiri mvulana chini ya ngazi. Wenzetu walikuwa wakirushiana maji na kuchana karatasi. Nilikuwa nimejitungia hotuba fupi, nayo yote ikafutika. Nikanyoosha mikono yote miwili kama yule msichana, na kopo la plastiki katikati.

"Umeokota mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe."

Alilifungua kidogo, akanusa, akatabasamu, akalifunga. Akasema atawala njiani. Nilisimama pale nikitazama begi lake likienda, nikijiambia kwamba Mhaya wa Muleba, mtoto wa migombani, hawezi kuwa hajui.

Likizo ilianza na hakuna jibu lililokuja. Aliandika, ndiyo. Aliandika kuhusu jemadari, kuhusu kama mchawi atarudi, kuhusu mtandao wa kwao kuwa mbovu. Kuhusu senene, hakuna neno. Nilisoma kila ujumbe mara nyingi nikitafuta kilichojificha ndani yake na sikukiona. Chakula kilinishinda. Mama alidhani ni malaria akanipeleka kupima, na nilipokutwa sina alikasirika kama vile nimemdanganya.

Ndipo ukaja ujumbe mfupi kuliko yote. Alikumbuka nilivyomwambia kwamba bibi ana dada yake Muleba. Akaandika: mama anasema mkija huku upite kusalimia.

Mama anasema. Kwa nini mama yake aseme? Mwanamke wa Muleba hamwiti msichana asiyemjua kutoka mjini bila sababu. Ama alikuwa amependa, ama alikuwa amechukia, na sikuweza kukaa Bakoba bila kujua ni lipi. Nilimsumbua bibi mpaka akakumbuka kwamba dada yake anaumwa miguu.

Tulishuka Muleba asubuhi, bibi akaenda kwa dada yake, mimi nikaelekezwa njia. Mama yake alikuwa uani. "Nyegera waitu," alisema, karibu, na akanishika mikono yote miwili. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, lakini mikono hakuiachia. Aliigeuza kidogo akavitazama vidole vyangu, vilivyokuwa bado na alama. Nilijua hapohapo kwamba yeye anajua.

Mchana tulikula ebitoke, ndizi za kupikwa, na samaki. Mvulana alikaa mbele yangu akila kwa haraka, macho kwenye sahani. Mama yake aliniuliza maswali taratibu, kwa upole mwingi kuliko nilivyotaka. Bibi ni wa ukoo gani? Na babu, wa pwani ipi? Nyumbani tunaswali wote? Nilijibu kila moja nikihisi napimwa kitambaa. Mwisho akasema senene wangu walikuwa watamu, kwamba wasichana wa siku hizi huwamwagia mafuta ya dukani wakaharibika.

"Asante, mama," nikasema.

Mvulana aliinuka kutoa sahani, jambo ambalo, kwa namna mama yake alivyoshangaa, hakuwa amelizoea. Nilimeza samaki na sikujua ni samaki gani. Watamu, alisema mama. Kwa hiyo waliliwa. Lakini na nani?

Nilipoaga, mama yake alimwambia anisindikize. Tukaingia njia ya migombani, yeye mbele. Hakupiga mluzi. Tulipofika mahali nyumba haionekani tena, akasimama, akageuka, mikono mfukoni.

"Mama alinieleza senene maana yake nini," alisema. "Mimi nilikuwa sijui. Nikamwambia wewe ni mtu wa mjini, babu yako wa pwani, mambo hayo huyajui. Ulileta tu kama rafiki. Si ndiyo?"

Alikuwa amenifungulia mlango, na alikuwa ameushikilia ili nipite. Nikisema ndiyo, nitabaki naye. Nitabaki na ujumbe wa usiku kuhusu mchawi na jemadari, na flashi zitakazokuja na watu wa basi, na sauti yake ikiniuliza kisha? Kwenye anime, dakika kama hiyo treni hupita, au fataki hulipuka, neno likamezwa na hakuna anayelazimika kuwa amelisikia. Pale hapakuwa na treni. Jani kavu la mgomba lilikuwa likijikuna kwenye shina, na yeye alikuwa ananitazama, kwa mara ya kwanza, moja kwa moja, akiniomba niseme ndiyo. Nilichukia kuombwa. Nadhani ni hasira ndiyo iliyonisaidia, zaidi ya ujasiri.

"Nilijua," nikasema. "Bibi alinieleza. Nilijua kabla sijawaokota."

Uso wake ulibadilika, si kwa ubaya. Alitoa mikono mfukoni.

"Basi na mimi nikwambie kweli," alisema. "Mama aliponieleza, kopo lilikuwa bado limejaa. Nilikuwa nimelileta ili tule wote. Nikampa yeye lote." Alitazama chini, halafu akanitazama tena. "Sikula hata mmoja."

Nilielewa. Mtu mwingine angedhani tunaongelea chakula. Angeweza kunidanganya kwamba walikuwa watamu, angeweza kuniita dada, na hakufanya hivyo. Alinijibu kwa lugha niliyomuulizia, na niliona kwamba jibu lilimgharimu. Nilimchukia kwa hilo, na nikampenda zaidi kuliko siku zote za kochi, vyote kwa pamoja. Machozi yalitoka na sikuyaficha. Hakunisogelea na hakuondoka. Alisubiri mpaka nikajifuta kwa ncha ya ushungi, kisha tukaendelea kwenda barabarani, yeye mbele na mimi nyuma, maana njia ilikuwa nyembamba.