Wegesa Achagua wa Kuzungumza Naye

Wegesa aliugua homa ya uti wa mgongo mwaka uleule aliofiwa na mume. Akapona, lakini masikio hayakupona naye. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia likabaki kusikia kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Pale kijijini Nyansurura watu walimpenda, ila walichoka. Akimwuliza jirani tena na tena, "Umesemaje?", anapungiwa mkono: "Basi, achana nayo." Neno hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Binti yake Agustina, anayefanya kazi kwa mawakala wa forodha mpakani Sirari, ndiye aliyemletea akili mnemba. Alipokuja likizo alimwekea programu mbili kwenye simu, akamwandikia ujumbe, maana ndivyo walivyozungumza hata wakiwa wameketi pamoja: "Mama, zote zinajibu. Chagua moja, mbili zitakumalizia bando."

"Nizungumze na mashine?" Wegesa alisema kwa sauti yake kubwa. "Watu watasema uziwi umepanda kichwani."

Hata hivyo alizijaribu. Aliziandikia msemo wa Kikurya ambao mama yake aliupenda, unaohusu kumpokea mgeni. Ya kwanza ikamweleza kwa maneno matamu kwamba ni msemo wa mvua na mavuno. Alipoikosoa, ikamsifu kwa akili yake, kisha ikarudia mvua yake. Ya pili ikajibu: "Kikurya sikijui vizuri, naweza kukosea. Kwenu mnauelewaje?"

Wegesa akaifuta ya kwanza.

Toka hapo akawa anaiuliza ile ya pili mambo yake: wadudu wa mahindi, dawa alizopewa zahanati, maana ya somo la Jumapili ambalo hakulisikia kanisani. Haikumwambia "achana nayo" hata mara moja. Lakini moyo haukutulia. Siri za nyumba hakuipa, kwa kuwa hakujua zinakwenda wapi. Na kuna siku alishtuka kugundua kwamba tangu asubuhi hajamtamkia neno binadamu yeyote.

Ndipo ikaja habari ya posa ya Agustina. Kikao kingeongozwa na Nashoni, mdogo wa marehemu mume wake, na wageni wangetoka Tarime. Wegesa alikuwa anavijua vikao: angekaa pembeni, acheke wenzake wakicheka, aitikie asichokisikia. Akaiandikia simu: "Nifanyeje nisionekane mjinga?"

Ikajibu kwamba watu hawawezi kumsaidia wasipojua anachohitaji. Awaombe mapema wamtazame usoni wanapozungumza, tena mmoja mmoja.

Akaizima kwa hasira. "Kitu kisicho na masikio kinanifundisha uziwi!"

Lakini siku ya kikao, wageni walipokwisha kunywa chai, alisimama.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sisikii. Miaka yote hii nimekuwa naitikia tu. Leo anayeposwa ni mwanangu. Naomba mnitazame mnaposema, na mseme mmoja mmoja."

Nashoni alitazama chini. Kisha akainua kigoda chake, akakiweka mbele ya Wegesa, goti karibu na goti, akasema polepole kwa Kikurya, na Wegesa akayasoma maneno midomoni mwake: "Shemeji, kwa nini hukutuambia?"

Kikao kilikwenda taratibu mno. Kila aliyesema alimgeukia. Mambo ya ng'ombe wa mahari yalipoelekea kwisha, Wegesa akauliza swali ambalo hakuna mwanaume aliyelifikiria: "Akishaolewa, kazi yake ya Sirari ataendelea nayo?"

Wageni wakatazamana. Baba wa kijana akamgeukia, akatikisa kichwa kukubali, akasema kwa kutamka kila neno waziwazi: "Ataendelea, mama. Nasema hivyo mbele ya watu hawa wote."

Agustina, aliyekuwa jikoni, alilisikia jibu hilo akaangua kilio cha furaha.

Siku hizi Nashoni hupita kwa shemeji yake kila akitoka machungani, anakaa mbele yake, wanapiga soga. Ile programu ya simu Wegesa bado anaitumia. Agustina alipomwuliza kama ameizoea, alimwandikia: "Naishukuru sana. Haina pa kuketi nyumbani kwangu, lakini ndiyo iliyonisukuma nikaketi na watu."