Kibao cha Njano

Mwanangu alikuwa na wiki sita kaburini nilipomwona anatembea ufukweni.

Koti lake lilelile jekundu. Kindoo mkononi.

Sikuota. Alikuwa ndani ya picha, kwenye maonyesho ya wachoraji kanisani kwetu, watu wanampita na vikombe vya chai.

Ngoja nianze mwanzo. Nikiendelea kukaa nalo litanipasua.

Kwetu ni pwani ya Suffolk, na pwani yetu inaliwa na bahari. Ufukwe umeegemewa na ukuta wa asili wa mchanga, mrefu kuliko nyumba, na kila mwaka unameguka. Kila Jumatatu Clive, mlinzi wa ufukwe, anatazama palipopasuka, anasimika kibao cha njano. Ukikifikia, geuka.

Watoto wetu hawajui nyufa. Wanajua kibao.

Hester ni mchoraji wa London. Kila mwaka hufikia kwangu, maana napangisha vyumba viwili. Alhamisi ile akaniita ufukweni.

"Jill, mpenzi, hicho kibao kinaniharibia picha. Kama jino la bandia!"

"Cha Clive hicho. Akinikuta atanila mbichi."

"Clive si mpaka Jumatatu? Kisogeze saa moja tu, jamani."

Wageni ndio wanaotulisha huku. Nikaking'oa, nikakisimika hatua mia mbele, kupita nyufa, nyuma ya kona, Hester asikione.

Nikarudi kubadilisha mashuka. Nikasahau.

Bryony wangu, miaka minane, akatoka shule.

"Mama, naenda kuokota vijiwe vyenye tundu!"

Vile tunavyotundika mlangoni vilete heri.

"Mwisho kwenye kibao!"

"Mama naye! Kibao, kibao, kila siku kibao. Nimeshakua mie."

Akaenda. Mikono yangu imejaa foronya, kichwani hamna kitu.

Saa kumi kasorobo ukuta ukashuka.

Walifukua kwa majembe, kwa ndoo, kwa kucha. Walipomtoa wakamfunika, wote wakamzunguka.

Na mimi niliyemzaa, mnajua nilifanya nini?

Nilikwenda nyuma ya kona. Nikakirudisha kibao mahali pake.

Aibu ilinishika kabla ya kilio.

Polisi wakaandika kwamba mtoto alipita kibao. Nikanyamaza. Mazishini wakaninong'onezea, "Pole Jill, watoto hawasikii." Nikanyamaza.

Sasa pale kanisani, bibi mmoja na kipande chake cha keki akainyooshea kidole picha.

"Ona haka! Kibao hiki hapa, kenyewe kanapita tu."

"Ukaidi huo," akajibu mwenzake. "Mama yake alikuwa wapi?"

Maana Hester alikuwa amekichora kibao. Nyuma ya mgongo wa mwanangu.

Nikamvuta Hester pembeni.

"Ulimwona akipita?"

"Nilimwona. Nilidhani anajua, mtoto wa hapahapa."

"Na kibao? Hakikuwepo!"

Akakoroga chai yake. Akanisogelea sikioni.

"Jill. Nimekichora palepale ulipokirudisha."

Nikafunga mdomo. Tena.

Leo naufungua. Wazazi wenzangu, mtoto huamini alama uliyomfundisha kuliko macho yake mwenyewe. Usiihamishe kumfurahisha mtu, hata mgeni awe mtamu kama asali, hata kwa dakika moja. Na ukiihamisha, usimtwishe marehemu kosa lako.

Clive, kama unasoma hapa: Bryony hakupita kibao.

Alikuwa bado anakitafuta.