Sufuria Isilie Peke Yake

Saa kumi alasiri, Mama Kasoki Micheline anafunga magunia yake ya makala, makaa ya kupikia, ananawa mikono, kisha anachukua sufuria iliyotoboka na mwiko wa mti. Leo ni siku ya jaribio. Majirani wamearifiwa siku; saa hawakuambiwa.

Muuza makala huyu wa mtaa wa Ndosho ndiye kiongozi wa ulinzi katika barabara yao nyembamba ya mawe meusi ya volkano, kazi isiyompa hata faranga moja. Kanuni yake ni fupi: aliyevamiwa na mwizi hupiga sufuria, kila asikiaye hujibu kwa kupiga yake, kisha hutoka nje.

"Sufuria isilie peke yake," asema. "Mutu akipiga na asijibiwe, mwizi naye anasikia ule ukimya."

Kanuni hiyo iliheshimiwa mpaka matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka. Papa Habumugisha, fundi viatu, aliposikia kwamba bintiye Umuhire amefaulu, alinyakua sufuria akaipiga kama aliyevamiwa na genge zima. Majirani wakafurika na marungu. Walimkuta msichana uani, mweupe pepepe kwa poda aliyomwagiwa kichwani, kama ilivyo desturi ya siku hiyo.

"Mwizi iko wapi, Papa?" aliuliza Florent, seremala.

"Hakuna mwizi! Iko diplome!"

Walicheka, wakapongeza, wakarudi makwao. Lakini kosa la furaha nalo ni kosa. Wiki iliyofuata, adhuhuri, ililia sufuria ya Mama Nyiransabimana, mjane mshonaji aishiye peke yake mwisho wa barabara.

"Diplome ingine hiyo," watu wakaambizana, wasiinuke. Wezi wakaondoka na cherehani yake, bila haraka.

Tangu hapo mjane amefunga virago aende kwa mwanawe, kijijini Kibumba. "Kule ukiita, hata mbuzi ya jirani inakujibu," asema.

Mama Kasoki alimsihi angoje jaribio hili. Sasa anamkabidhi ile sufuria, mlangoni pake.

"Mupige mwenyewe, Mama. Wakinyamaza, nitawabebea mizigo yenu mpaka kwenye gari."

Mjane anapiga. Kuku mmoja anakimbia, hakuna kingine. Mama Kasoki anatazama chini.

Anapiga tena, kwa nguvu zaidi. Ndipo nyundo ya Florent inajibu juu ya bati, kisha sufuria moja, kisha nyingine, hata barabara nzima inavuma. Milango inafunguka, watu wanakuja mbio. Wa mwisho ni Papa Habumugisha, mguu mmoja ndani ya kiatu cha mteja.

"Papa Diplome, umechelewa!" jirani mmoja anamtania.

"Nilikuwa natafuta sufuria! Bibi yangu aliificha tangu ile siku!"

Kicheko kinalipuka. Mama Kasoki, akipangusa macho, asema anatamani kuipeleka kanuni hii hadi barabara ya jirani, na kwamba Florent na wenzake wameahidi kumtafutia mjane cherehani. "Furaha tutaipigia mikono," aongeza. "Sufuria ibaki ya taabu."

Mjane peke yake hajacheka. Anawatazama mmoja mmoja, kisha anamgeukia fundi viatu.

"Weye Papa, ingia ufungue kamba za mizigo yangu. Ni weye uliyezifunga, ile siku ya diplome."

Papa Habumugisha anavua kile kiatu, anaingia.