Mkebe wa Tatu

Mimi hukusanya filamu za zamani, na mtu wa kazi hii hatulii. Nyumbani kwangu Kiplombe nina mikebe miwili ya kichekesho kilichotengenezwa baada ya Vita vya Pili: askari anarudi kwao na punda, akishikilia kwamba punda huyo ndiye kapteni wake. Kila asubuhi anampigia saluti. Ni filamu ya ajabu, watu waliidharau ilipotoka, na ndiyo maana sisi wakusanyaji tunaifia. Sijui mtu aliye nayo nzima, mikebe yote mitatu.

Marehemu baba alikuwa akiionyesha vijijini kwa gari la sinema. Alinisimulia mara nyingi, lakini akikaribia mwisho kicheko kilimbana, akafuta machozi, akaniacha hivyo hivyo. Alikufa bila kunimalizia. Juzi nikasikia kwamba mkebe wa tatu alimwachia dada yake anayeishi Sugoi. Hata chai sikuimaliza, nikashika njia ya kwake.

Shangazi alikuwa jikoni akisonga ugali. Alinionyesha darini kwa mwiko. Juu ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu yaliyojaa masizi, ndipo mkebe ulipokuwa. Niliufungua. Utepe ulikuwa umekauka na kujikunja, ukavunjikia vidoleni mwangu kama ganda la kitunguu.

“Shangazi, uliweka filamu kwa moshi?”

“Baba yako alisema niweke mahali haitaharibika. Sasa mbegu tunawekanga wapi? Na angalia, hakuna mdudu ameigusa.”

Hasira ilinipanda, na aibu ikaifuata papo hapo. Nilikaa, nikainuka, nikakaa tena.

“Kwani ulikuwa unataka nini ndani?”

“Mwisho wake.”

“Mwisho si ninajua? Hiyo kitu niliona mara nne.”

Akaweka mwiko chini. Akaniambia kwamba mke wa askari anamvua gwanda, analifua, anamvika nguo za shamba. Punda anamtazama askari kwa muda mrefu. Kisha anainua kwato na kumpigia yeye saluti. Shangazi akainua mkono wake wenye unga, mabega yakaanza kumtetemeka, na kicheko kilichomtoka kilikuwa cha baba kabisa. Nilicheka mpaka nikalia.

Siku hizi wakusanyaji wenzangu wakija, nawaambia mkebe wa tatu umeharibika. Wakiuliza filamu inaishaje, nasimama niwaonyeshe, nainua mkono, na kabla sijafika mwisho kicheko kinanibana.