Ukuta Usiofika Juu

Nyie wenzangu mliokanyaga udongo kwa miguu kabla hatujaijua saruji, mtanielewa. Enzi zile za miaka ya hamsini, nyumba ya huku kwetu Kakese haikuwa kitu cha kumwachia fundi ukaenda zako. Kila mwaka kabla ya mvua mliikandika upya wenyewe, mkaimba, mkagombana, mkala viazi vya kuchoma mkiwa na matope hadi kwenye nyusi. Mimi nilikuwa mvivu wa kisimani na mvivu wa shamba, ila kazi ya ndani ya nyumba niliipenda. Mpaka leo ndivyo nilivyo. Wenzangu wamefika Dar, wengine wamepanda ndege; mimi nimefika barazani.

Mwaka ninaousema, Bibi mzaa Mama alikuwa akiishi peke yake Usevya, na macho yalikuwa yanamwishia. Mama akataka aje akae nasi. Baba hakukataa, ila aliuliza swali lililomkosesha Mama raha: mama mkwe atapita wapi? Maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai sebule moja wala hawapishani mlangoni. Baba akimwona Bibi njiani alikuwa anajitosa porini, hata kama pori lenyewe lina upupu. Na nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja tu. Kuiongeza haikuwezekana: ubavu mmoja lipo kaburi la babu mzaa Baba, ubavu wa pili njia ya kisimani, nyuma jiko.

Basi Mama akaamua kuigeuza kwa ndani. Akachora sakafuni kwa kijinga cha moto: ghala la mahindi lililo nyuma ya sebule liwe chumba cha Bibi, mahindi yapande darini. Sebule ikatwe kwa ukuta, nusu ya mbele ya Baba, nusu ya nyuma ya Bibi, na upande huo utobolewe mlango wa uani. Sisi wengine tutazunguka nje kama mbuzi.

Baba akafyatua tofali, akazianika. Mimi nikakanyaga udongo wa kukandikia, nikasahau kuchanganya majani makavu niliyoagizwa. Sehemu yangu ilibanduka siku ya pili, na mpaka leo ipo alama yenye umbo la ng'ombe asiye na kichwa. Halafu mvua ikawahi. Tofali zilizobaki nje zikarudi kuwa matope. Ukuta ukaishia kidogo juu ya kichwa cha Baba, na Bibi na Mjomba aliyekwenda kumchukua walikuwa tayari njiani.

Bibi alifika, akaupapasa ukuta kwa viganja, akanusa tumbaku ya Baba ikipita kwa juu. Akasema atakaa siku tatu aone. Furushi lake hakulifungua. Kila asubuhi Mama alilitazama furushi kwanza, ndipo akatusalimu.

Siku mbili zilipita kimya. Baba alikohoa akiingia, akakohoa akitoka, akatafuna ugali taratibu kama aliyeuiba. Bibi naye alinong'ona mpaka tukadhani anaumwa. Siku ya tatu, mchana, mvua ilipotulia, tukamsikia Baba upande wa pili.

"Wewe ukuta," alisema, "muulize mama kama Usevya nako mvua imenyesha."

Tukaacha kutafuna. Bibi akajifunika kanga vizuri kana kwamba ukuta una macho.

"Ukuta, mwambie imenyesha. Na mwambie aliyekujenga alikuwa na haraka."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mchana wote ule ukuta ulikuwa na kazi: ukaulizwa habari za mpunga, za ndege waharibifu, za marehemu mume wa Bibi na ubishi wake. Mwishowe Baba, kwa aibu, akauambia umpe mama pole, kiangazi kikifika ataumalizia mpaka juu.

"Asithubutu," Bibi alisema. "Akikumaliza, mimi nitaongea na nani?"

Kisha akaniita. "Oliva, njoo unifungulie hili furushi, vidole vyangu vimechoka." Ndani mlikuwa na kaniki mbili na mchele aliouficha uwe chakula chake cha safari ya kurudi. Mama aliupika wote siku ileile.

Sasa nyumba ina bati na saruji, lakini ukuta ni uleule. Mjukuu wangu, aliyesoma na anayejua kila kitu isipokuwa kufagia, amekuja na nyundo. Anasema siku hizi sebule inatakiwa iwe wazi. Hao wa sebule wazi nawaona: wamekaa kochi moja, kila mmoja kainamia simu yake, na kuulizana kama chai ipo tayari wanatumiana ujumbe. Sisi tulikuwa na ukuta mmoja, na tuliongea.

Lakini siwakatii tamaa. Wiki iliyopita mama mkwe wa mjukuu wangu alikuja kumwona mtoto mchanga, akakaa upande wa nyuma. Kijana wangu, mjuaji wa sebule wazi, akajikuta kasimama upande wa mbele anakohoa, nyundo mkononi, hajui aingie au akimbilie upupu.

Nikasikia nyundo inawekwa chini.

"Ukuta," alisema, "hebu muulize mama kama chai ina sukari."