Vidonge vya Siku ya Safari

Watu walikuja kutupa pole huku wakicheka. Basi limelala ubavu, vioo vimemwagika barabara nzima, na dereva katoka kwa miguu yake mwenyewe, shati limechomekewa. "Mshukuruni Mungu!" alisema wifi yangu, dada yake mume wangu, akijimiminia chai ya tatu. "Hata mkwaruzo hana!" Kweli hakuwa nao. Alikuwa na alama moja tu ya mkanda kifuani, na hiyo ilififia ndani ya wiki mbili. Nami nilishukuru. Mjinga mimi, nilidhani ajali inaisha gari linaposimama.

Mume wangu ameshika usukani wa mabasi ya masafa marefu miaka ishirini na miwili. Abiria walimpa jina la Taratibu, na si kwa kumsifu. "Dereva, tutafika mwaka gani?" walikuwa wakimpigia kelele, naye anacheka tu, mguu wake haukanyagi zaidi. Siku ile gari dogo lilichomoka pembeni bila kuangalia. Akalikwepa, basi likapanda tuta, likalala. Hakufa mtu. Ila mama mmoja alibanwa mguu kwa saa nzima, na saa nzima alikuwa anaita, "Dereva! Dereva!" Sauti hiyo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani.

Akaanza kushtuka ovyo. Honi ikilia nje, kikombe kinamponyoka. Kisogo kinamgonga, masikio yanavuma, usingizi hana. Mimi domo langu halijui kunyamaza, nikamsema mpaka akakubali kwenda kliniki. Nesi alimpima, akaitazama mashine, akampima tena mkono wa pili. Mia na tisini kwa mia na kumi na tano.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alitueleza polepole. Mtu akishtuka presha hupanda, kisha hushuka. "Yako imekataa kushuka. Huenda ilikuwepo zamani, kimya kimya, maana hukuwahi kupima. Sasa hofu na kukosa usingizi vinaichochea. Tukiiacha itakula figo, itakula moyo, itapasua mshipa kichwani." Akaandika vidonge vya aina mbili, vya kushusha presha na vya kupunguza maji mwilini, vile vinavyomfanya mtu akojoe kila mara. Akamshauri pia aende kuzungumza na mtu kuhusu ile sauti. "Mimi si mwendawazimu," alisema mume wangu, na hilo likafia hapo.

Kazini walimwambia hawana ubaya naye, ila asilete mguu mpaka awe na karatasi ya daktari inayosema presha imetulia. Basi karatasi hiyo ikawa ndiyo maisha yetu. Ninashona sare za shule chumba cha mbele, naye akawa ananikalia pale, anaokota vipande vya nyuzi sakafuni, mwanamume mzima! "Bila usukani mimi ni nani, mama watoto?" aliniuliza mara moja. Nikamjibu kwamba ni mtu aliyekalia kitambaa changu, asogee. Naumia mpaka leo kwa jibu lile.

Akishindwa kukaa, anapanda gari kwenda stendi, anashinda na madereva wenzake. Na kila mwezi tunakwenda kliniki. Mia na themanini. Mia na themanini na tano. Daktari akaongeza dawa. Mwezi uliofuata akaongeza tena, akatia na aina ya tatu. Miezi minane! Mtu anakunywa dawa mkono umejaa, na presha imekaa pale pale kama imepangishwa. Nilianza kuliona kaburi lake akilini, Mungu anisamehe. Nilishona huku nalia, nikaharibu kola za watu.

Siku moja nikachukua koti lake la kazi, lile alilozidi kulivaa kwenda stendi, nilitie bitana mpya, ili siku karatasi ikitoka alikute zuri. Mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka. Nikachana mshono, na vidonge vikaanza kumwagika mezani. Vyeupe, vya njano, vingine vimesagika kuwa unga. Sikuvihesabu. Nikavikusanya kwenye kisahani, nikamsubiri.

"Hivi nini?" nilimuuliza alipoingia.

Akavitazama, akanywea. "Nakunywa, mke wangu. Siku nikiwa sitoki."

"Na siku ya kutoka?"

"Siku ya safari dereva hanywi dawa. Zinalewesha. Na hizi nyingine, kila hatua unatafuta choo. Utawasimamisha abiria hamsini mara ngapi?"

"Abiria gani, bwana wee? Unaendesha nini, benchi la stendi?"

"Ni mazoea," alisema kwa sauti ndogo. "Nikikanyaga nje tu, naona ni safari."

Basi nikaelewa. Karibu kila siku alikwenda stendi, kwa hiyo karibu kila siku hakunywa. Na kliniki ni mwendo wa gari. Siku zote nane alizopimwa, alipimwa mkavu, bila dawa mwilini! Mori ulinipanda. Nilimtukana yeye, nikaitukana stendi, nikawatukana na madereva wote walio hai. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, nikamwapia kwamba safari hii ataona.

Asubuhi nilimsimamia na glasi ya maji. Nikatoa kila kidonge kama pakiti zilivyoandikwa, aina zote tatu, kipimo kile kilichoongezwa na kuongezwa. Akameza kimoja kimoja, ananitazama.

"Umeridhika?"

"Bado. Fungua mdomo, inua ulimi."

Akafungua. Nikakagua kama nesi mkuu. Na nilijisikia fahari, jamani, nisidanganye. Nilijiona ndiye niliyemwokoa.

Kwenye benchi la kliniki alisema kichwa chepesi, macho yanaona ukungu. Nikamwambia ndiyo dawa inafanya kazi, angezoea wapi na alizificha. Wakaita namba yetu. Akainuka haraka, kama kawaida yake akiitwa, akapiga hatua mbili, akaanguka. Kichwa kiligonga ukingo wa benchi. Nilikuwa nimeshika kadi yake mkononi, nikabaki nimeishika.

Themanini kwa arobaini na tano, nilimsikia nesi akisema.

"Leo amekunywa nini?" daktari aliuliza huku wakimtundikia maji.

"Zote. Nimemsimamia mwenyewe."

"Na siku nyingine hunywa zote?"

Nikamweleza, koti na bitana na kila kitu. Daktari akavua miwani. "Mama, miezi yote hii nimekuwa namwongezea dawa mtu asiyekunywa dawa. Mkigundua jambo kama hilo, mnaniambia kwanza. Leo zimemwingia zote kwa mpigo." Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningepata pa kushika.

Mchana akafumbua macho. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Daktari alinieleza pembeni kwamba presha iliposhuka ghafla, ubongo ulikosa damu, na wangempeleka kwenye kipimo cha kichwa kuona ni kiasi gani. Nikamshika mkono wa kushoto, ule wa gia. Nilipouachia ukadondoka kitandani wenyewe.

"Ngapi?" akauliza. Ulimi ulikuwa mzito.

Nesi akatazama mashine. "Mia na ishirini kwa themanini, baba. Nzuri kabisa."

Akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Miezi minane sikuwa nimeona furaha ile. "Mama watoto," alisema, "mwambie aandike. Aandike sasa hivi, kabla haijapanda."

Nikatoka kumtafuta daktari. Sikumwomba aandike kwamba mume wangu anafaa kuendesha, sikuwa nimefika huko. Nilimwomba namba tu. Akachukua karatasi, akaandika jina, tarehe, na mia na ishirini kwa themanini, akagonga muhuri.

Mume wangu aliishika kwa mkono wa kulia, akaisoma mara mbili. Akanirudishia, akaniambia niipeleke kazini leo leo, ofisi haijafungwa, nimwambie meneja wampangie hata njia ya karibu, yeye hachagui.

"Sawa," nikasema. "Naenda sasa hivi."